Per Aspera na Tangi la Maji ya Moto

Mnaochukua funguo zangu mmeniuliza mambo mengi, na karibu yote nimewajibu tukiwa tumesimama koridoni, kwa kuwa matroni haketi. Swali moja sikulijibu, la Witness wa bweni la chini: yale maneno ya getini yana maana gani? Nilimwambia akaulize ofisini. Nilikuwa nimechoka, na maneno yale ndiyo yaliyochangia kunichosha. Sasa nimestaafu, nipo kwangu Kimandolu, miguu iko juu ya stuli, na hakuna wa kunigongea kwamba mtoto ametapika. Nitajibu.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Cheo nilikuwa nacho kimoja tu tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na mshahara mnaujua, maana ndio mnaoupata.

Nilifika shuleni mwezi wa saba. Anayeijua miteremko ya Meru mwezi wa saba hahitaji maelezo, na asiyeijua aje na koti. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na geti sikuliona mpaka nilipokaribia kuligonga kwa kichwa. Juu yake, kwa chuma kilichokunjwa na kupakwa rangi ya dhahabu, paliandikwa PER ASPERA AD ASTRA. Nikamwuliza mlinzi ni kitu gani. Akasema, "Hicho ni Kiingereza cha zamani, mama. Cha sasa kiko ofisini."

Aliyenipokea ni Bibi Aikande, matroni mkongwe aliyekuwa anajiandaa kurudi kwao Machame. Kila ninachokijua katika kazi hii kilitoka kwake. Alinifundisha kupima homa kwa mgongo wa kiganja, kwa sababu kiganja chenyewe kimeshazoea sufuria na hakisikii kitu. Alinifundisha kumtambua anayejisingizia ugonjwa: huyo anaijua ratiba ya vipindi kuliko mwalimu wa taaluma. Alinifundisha kumkimbiza mtoto hospitali ya Nkoaranga kwanza na kuomba ruhusa baadaye. Na alinirithisha chupa ya kioo ya juisi, nene, yenye kifuniko kisichovuja. Unaijaza maji ya moto, unaivika soksi ya sufu, unampa msichana anayeumwa tumbo la mwezi aikumbatie. "Msichana mwenye baridi hasikii mahubiri," alikuwa akisema, naye alikuwa mzee wa kanisa, hivyo alijua anachokisema.

Nyuma ya mabafu palikuwa na tangi la chuma lenye jiko la kuni chini yake. Bibi Aikande alikuwa akiliwasha alfajiri, na wasichana wakaoga maji yenye uvuguvugu wa kibinadamu. Muhula aliokwenda zake tangi likatoboka, kama lililokuwa linamsubiri aondoke. Fundi akaja, akalitazama, akaligonga kwa kidole, kidole kikaingia ndani. Nikaenda kwa Mkuu wa shule.

Mkuu wetu, Mwalimu Massawe, si mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu nikiendelea mtasahau. Alikulia Rombo, alikwenda shule bila viatu, akasoma hadi chuo kikuu, na ule upeku wake akautunza kama wengine wanavyotunza vyeti. Nilipomweleza habari ya tangi, alinyoosha kidole dirishani, kuelekea getini.

"Per aspera, mama," akasema. "Per aspera ad astra. Hawa watoto wanajengwa."

Nikarudi bwenini na kuwaambia watoto kwamba wanajengwa. Wakaniuliza kama wanaweza kujengwa kwa maji ya moto.

Nilikwenda tena muhula uliofuata, na uliofuata huo. Godoro likibonyea mpaka mtoto analala kwenye mbao: per aspera. Maharage yakija na wadudu: per aspera. Kioo cha dirisha kikivunjika upande unaoingiza upepo wa mlimani: per aspera, na kipande cha boksi. Mara moja nilimwambia, "Mwalimu, usiku mtoto wa kidato cha kwanza alilia kwa baridi." Akasema yeye alikuwa akioga mtoni. Nikamwambia mimi nilizaliwa bila nepi, lakini sikulifanya kaulimbiu. Hakucheka. Watu waliopita kwenye magumu wakafika hawapendi utani juu ya njia yao.

Wa kunieleza maana alikuwa Mwalimu Teofili wa historia. Alisoma seminari akiwa kijana, akatoka bila upadri lakini na Kilatini chote. Tulikuwa tunakunywa chai jikoni, mahali pekee shuleni palipokuwa na joto.

"Kupitia magumu hadi kwenye nyota," akasema. "Aspera ni vitu vinavyokwaruza. Ubao usiopigwa randa. Njia ya mawe. Ulimi wa paka."

"Na per?"

"Kupita. Ukiingia msituni huku ukatokea kule, umepita. Ukijenga nyumba humo, hujapita, matroni. Umehamia."

Nikamwuliza kwa nini basi kila shule imeyatundika. Akanihesabia za jirani. Moja ya bondeni ina LUCTOR ET EMERGO, napambana na kuibuka. Akasema hiyo inamfaa anayezama. Nyingine ya karibu na mjini ina POST NUBILA PHOEBUS, baada ya mawingu jua. Akasema hiyo kwa Meru ni utabiri wa hali ya hewa, tena usioaminika. "Wote wanaotundika haya wameshafika," akasema. "Aliye njiani anatafuta viatu. Hana muda wa kutafuta Kilatini."

Wasichana hawakuhitaji tafsiri, walijitengenezea yao. Ugali ukiungua: "Matroni, leo ni aspera tupu." Mwalimu wa zamu akiwa mkali, jina lake Aspera. Ndoo iliyopasuka ilikuwa Aspera, na paka wa jikoni, aliyekuwa na tabia ya kukwaruza, akaitwa Aspera naye akaitika. Niliwakemea, kisha nikajikuta na mimi namwita paka hivyohivyo.

Hayo yote ningeyastahimili kama si mahafali.

Mwaka mmoja msichana wa kidato cha nne aliyefiwa na wazazi wote aliomba mwenyewe aseme neno la shukrani. Akaeleza alivyolelewa na bibi yake, bila kujipamba. Maturubai yote yalilia, mgeni rasmi akatoa leso, na kabla ya pilau ameshaahidi shule maabara. Mwalimu Massawe aliona pale kitu ambacho mimi sikukiona. Tangu hapo, katika kila ratiba ya mahafali, baada ya kwaya na kabla ya keki, pakawa na kipengele: Ushuhuda wa Magumu. Kaulimbiu ya shule ilisomwa kwanza, wote wamesimama.

Mnajua kinachotokea kitu kikishawekwa kwenye ratiba. Wasichana wakaanza kushindana kwa shida. Watoto wa watu waliokula na kushiba walinijia wakiwa na aibu kwamba hawana cha kusimulia, na mmoja akaniuliza kama talaka ya mjomba inahesabika. Aliyechaguliwa mwaka wa tatu wa mchezo huo alieleza mbele ya wageni jinsi alivyosomea mwanga wa mwezi utoto wake wote. Baba yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapahapa Kimandolu, akainuka kutoka kiti cha mbele akiwa na suti yake.

"Samahani, mwalimu," akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na mafundi. "Naomba kujua huyu mtoto alisomea mwezi kwa nani. Kwangu kuna umeme, na ukikatika kuna jenereta."

Ungedhani mchezo ungeishia hapo. Mkuu aliniita kesho yake. "Mama, wewe ndiye unayejua nani alikuja na sanduku la namna gani. Kuanzia sasa utanitafutia wewe. Nataka mwenye magumu ya kweli." Hivyo, juu ya homa, chawa, funguo na ndoo, nikapewa kazi ya kupima umaskini. Nilikataa kwa mdomo. Mwaka uliofuata akamchagua mwenyewe, na alimchagua Namnyaki.

Namnyaki alitoka vijiji vya huko juu ya Ngaramtoni. Alikuja kidato cha kwanza na sanduku la bati na shuka moja, mrefu, mkimya, na akawa wa kwanza darasani kuanzia mtihani wa kwanza bila kumfanya mtu yeyote ajisikie vibaya. Baba alishafariki. Mama yake aliuza maziwa na maharage sokoni Ngaramtoni, na Jumapili za wazazi hakukosa hata moja. Alikuja na kibuyu cha maziwa mgando, akaketi na mwanawe kwenye nyasi, akamshika mikono na kuigeuzageuza, akamwuliza jambo kwa Kimaa. Mtoto alikuwa akijibu kwa kucheka. Kimaa changu kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo sikujua wanaulizana nini, ila swali lilikuwa lilelile kila Jumapili.

Mwaka ule mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mfanyabiashara kutoka Moshi, mwenye mfuko wa kusomesha wasichana. Alishamwambia Mkuu kwamba atachukua mmoja, amlipie kidato cha tano na cha sita hapohapo kwetu. Namnyaki asipochukuliwa, angengoja kupangiwa serikalini, popote katika nchi hii, na mama yake hakuwa na namna ya kumfikisha popote. Mkuu akaandika hotuba yeye mwenyewe. Niliisoma. Kulala na njaa, sakafu ya udongo, mama asiye na kitu.

Namnyaki alinifuata chumba cha pasi, mchana, ameishika ile karatasi kwa ncha za vidole.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Matroni, hii mimi siwezi."

"Ameandika uongo?"

"Hapana. Ni kweli." Akaikunja karatasi, akaikunjua. "Yeyo, mama yangu, alikuwa anatupa sisi chakula, halafu anasema yeye ameshakula kwa jirani. Kila siku kwa jirani. Sisi tunaitikia tu. Mpaka leo anadhani tuliamini. Nikisoma hii, na yeye amekaa pale mbele, atajua tulikuwa tunaona."

Pasi ilikuwa inaunguza sketi ya mtu na niliiacha iunguze kidogo. Katika miaka yangu yote ya kazi nimeona vidonda vingi, na sikuwahi kuambiwa kwa utulivu namna ile mahali kidonda kilipo.

Nilikwenda kwa Mkuu. Nikamwambia kule wanakotoka hawa, mtu hasemi njaa ya nyumbani kwao mbele ya wageni, maana ni kumvua mama nguo hadharani. Nikamwambia maneno ya getini yanasema kupita, hayasemi kurudishwa ukaonyeshe. Akanisikiliza hadi mwisho, sharti nikiri.

"Mama," akasema, "unataka mtoto akose shule kwa sababu ya aibu? Mimi ningepata wa kunisemea, ningesema kila kitu. Hata cha jirani ningesema. Aibu haijawahi kusomesha mtu."

Hapo alinishika, kwa kuwa ni kweli, na hakuna kinachoudhi kama mtu unayegombana naye kusema kweli. Nikarudi na kumwambia Namnyaki kwamba uamuzi ni wake, kwamba akisoma hakuna wa kumlaumu, na asiposoma mimi nitasimama naye.

"Matroni, ya nyumbani ni ya yeyo. Ya hapa shuleni ni ya nani?"

"Ya aliyeyabeba," nikasema, nikidhani tunaongea falsafa.

Siku ya mahafali mvua ilikuwa inapiga maturubai kwa vishindo. Mama Namnyaki alikaa safu ya pili, shuka jipya jekundu, shanga zake zote, kibuyu kati ya miguu. Tukasimama tukasoma PER ASPERA AD ASTRA, tukaketi. Namnyaki akapanda jukwaani bila karatasi, na nikaona Mkuu akimtafuta mwalimu wa taaluma kwa macho.

"Ndugu mgeni rasmi, walimu, wazazi wetu, shikamooni," akaanza. "Nimeombwa nieleze magumu. Ya nyumbani ni ya mama yangu, na hajanipa ruhusa kuyasema. Nitasema ya hapa, kwa sababu haya ni yangu."

Akayasema. Kwa adabu, kwa Kiswahili safi cha mashindano ya mdahalo, mikono nyuma. Maji ya kuoga tangu kidato cha kwanza, yanayotoka mlimani yakitia ganzi. Godoro. Boksi dirishani. Maharage na waliokuwa wakiishi ndani yake. Wasichana wakaanza kucheka pole pole, kisha wakashindwa kujizuia, na mtu wa nyuma akaita, "Aspera!" na bweni zima likaitikia. Akamaliza kwa kuwashukuru walimu, kwa kuwa walifundisha vizuri pamoja na hayo, akaniombea mimi baraka, akashuka. Wageni hawakujua wapige makofi au wasipige. Mwalimu Teofili alipiga peke yake mpaka wengine wakamfuata.

Niyaondoe njiani mambo mawili, ili nimalize. La kwanza, ufadhili ulikwenda kwa mwingine. Tuliambiwa mfuko unasaidia wenye uhitaji, na huyu mtoto hakueleza uhitaji wake. Niliposikia hivyo niliingia stoo, nikafunga mlango, na niliyoyasema humo hayaandikiki. Namnyaki akapangiwa Tabora, na nauli ikapatikana, namna ilivyopatikana si habari ya hapa. Sasa yuko chuo cha uuguzi na hunipigia simu kuniuliza habari za paka. La pili, yule mama wa Moshi kabla ya kula aliomba aonyeshwe mabafu, akafungua bomba, akafunga haraka. Muhula uliofuata tangi jipya likaja. Mkuu akaagiza liandikwe ubavuni, kwa rangi ya dhahabu, PER ASPERA AD ASTRA. Nilipoliona nilitafuta ile ndoo iliyopasuka, Aspera, nikaigeuza, nikaikalia.

Lakini siku ile ya mahafali haikuishia jukwaani. Watu walipokwenda kwenye pilau, mama Namnyaki alinijia, kibuyu mkononi. Nilidhani anataka kushukuru. Uso wake haukuwa wa shukrani.

"Matroni, hiyo maji ya baridi ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, mama."

"Mwaka yote?"

"Yote."

Akaitazama mikono yake. "Kila nikija, mikono yake iko baridi. Namwuliza, maji ya kuoga ni ya moto? Anacheka. Anasema, ya moto, yeyo, mpaka inaunguza. Nani amemfundisha mtoto kuficha namna hii?"

Hilo hatukulifikiria, si mimi wala Namnyaki. Tulihangaika kuilinda siri moja mpaka tukaimwaga nyingine mbele ya yuleyule aliyefichwa. Nadhani alilijua jibu kabla ya kuuliza, maana alijifunika mdomo kwa ncha ya shuka na mabega yakamtikisika, na mpaka leo siwezi kuwaambia kama alikuwa analia au anacheka.

Namnyaki akaja kati ya watu na sahani ya pilau, kubwa, nyama juu.

"Yeyo, chukua."

"Kula wewe," mama akasema, haraka, kama mtu anayeitikia salamu. "Mimi nimeshakula."

Namnyaki hakuondoka. Akapiga magoti, akaiweka sahani mapajani mwa mama yake, akamshika mkono akauelekeza kwenye wali.

"Hujala, yeyo," akasema.

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akala wali wote, na nyama akaila mwisho.